Matone ya Chini ya Ulimi

Mama alikuwa na uso wake wa dawa. Akishika kijiko alitia bismillahi, akadondosha kidogo kwenye ulimi wake mwenyewe, akafinya jicho moja, akakunja pua, kisha akatutazama sisi watoto na kusema, "Kali, lakini haina ubaya." Baada ya hapo hakuna aliyekataa. Kwetu Bweni, kijiji cha kisiwani, mtu akikupa kitu cha kunywa hukionja yeye kwanza, yawe maji ya kisima, uwe uji, liwe kombe, zile aya zinazoandikwa kwenye sahani kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi ili mgonjwa anywe. Akionja, amekuonyesha kwamba kitakachoingia kwako kimekwisha kuingia kwake.

Baba alifariki kwanza, mama akafuata, na uso ule ukabaki kwangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa darasa la sita. Hakuna aliyeniambia niache shule. Ilikuwa tu kwamba arubaini ilipokwisha, mdogo wangu wa kiume aliamka na homa, magoti yamevimba, kesho yake vikavimba viwiko, na hakutaka kunywa dawa mkononi mwa mtu yeyote. Shangazi alimbembeleza, akamtisha, akamziba pua. Akatema. Nikachukua kijiko, nikaonja, nikafinya jicho. Sikuwa na hakika kama ndilo jicho lenyewe alilokuwa akilifinya mama. Mtoto akanitazama kwa muda mrefu, kisha akafungua kinywa kama kifaranga.

Tangu siku ile nimeonja kila dawa iliyoingia tumboni mwake. Za maji, za unga, hata vidonge nilivigusa kwa ncha ya ulimi. Aliota ndevu nikiwa bado naonja. Wenzake walimcheka, naye akawajibu kwamba hata masultani walikuwa na mtu wa kuwaonjea.

Homa ile ya viungo iliondoka ikaacha kitu ndani yake, wala hatukujua. Alikua, akawa mkwezi. Ukisimama chini ya mnazi ulimwona akipanda bila haraka, kama mtu anayetembea barabarani, na nazi zikaanza kushuka moja moja. Kisha mwaka mmoja akaanza kusimama katikati ya shina. Alilikumbatia, akaegemeza shavu, akatulia. Alisema anasikiliza.

"Unasikiliza nini?"

"Moyo. Unapiga mpaka mnazi unatikisika."

Hospitali ya Kilindoni, mji wa kisiwa chetu, walimpima, wakasema mlango mmoja wa moyo wake umeharibika. Haufungi sawasawa, na damu iliyokwisha kupita inarudi nyuma. Akaandikiwa sindano ya kila mwezi na vidonge vya kupunguza maji mwilini, akakatazwa kukwea. Ndipo alipoteremka kwenye minazi akaja kukaa na mimi uani, kwenye mbuzi ya kukunia, maana kazi yangu ni kupika mafuta ya nazi. Unakuna, unakamua tui, unaliweka kwenye moto mdogo, unakaa nalo mpaka lichoke na kuyaachia mafuta. Ni kazi ya kukaa. Yeye hakuizoea. Akisikia makuti yanagongana juu aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa.

Miaka ile korona ilipokuwa imekwisha kuzoeleka, watu wanakohoa na kuendelea na shughuli zao, tulikwenda Dar es Salaam kwenye kliniki yake ya moyo. Alikuwa na mafua kidogo, basi. Wakampima puani, wakamtenga chumba, mimi nikaruhusiwa kumwuguza, na kabla jua halijatua alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Daktari alinieleza akiwa amesimama mlangoni, barakoa usoni, nikiona macho yake tu.

"Mapafu yanajitahidi. Ninachoogopa ni moyo. Kirusi hiki kikiingia kwenye nyama ya moyo, moyo unavimba. Moyo mzima unaweza kustahimili. Huu wa mdogo wako umechoka tayari. Ukivimba, unaweza kusimama."

Akaenda kwa wengine. Nilibaki pale nikiitazama mikono yangu. Ilikuwa bado inanukia nazi.

Kesho yake akaja muuguzi wa utafiti, mwanamke wa rika langu, mwenye sauti ya taratibu. Alileta kisanduku, na ndani ya kisanduku kichupa cheusi chenye mfuniko wa kipira cha kunyonyea.

"Ni mafuta," alisema. "Ndani yake kuna kitu kinaitwa kannabidioli. Kinatolewa kwenye mmea wa bangi."

Mdogo wangu alikuwa amelala kwa ubavu, mpira wa oksijeni puani. Akajiinua. "Bangi hii hii?"

"Mmea huo huo. Lakini kile kinacholevya hakimo. Na tuna kibali, usiogope, hakuna polisi atakayekuja."

"Mie simwogopi polisi. Namwogopa shangazi."

Muuguzi akacheka ndani ya barakoa yake. Akavuta kiti, akatueleza polepole. Wataalamu wana matumaini kwamba kitu hicho hutuliza uvimbe mwilini, na wanataka kujua kama kitawasaidia wagonjwa wa moyo walioshikwa na kirusi. Hawajui bado. Wangekuwa wanajua wasingejaribu. Wagonjwa wamegawanywa: wengine wanapata mafuta yenye dawa, wengine wanapata mafuta matupu, na vichupa vyote vinafanana, vyote vimetiwa harufu ya mnanaa ili mtu asibague kwa ladha. Yeye mwenyewe hajui nani anapata nini, daktari hajui, kompyuta ndiyo inayojua. Dawa zake nyingine zote ataendelea nazo. Na akitaka kujitoa, atajitoa siku yoyote bila kuulizwa.

"Kwa hiyo unanipa kitu usichokijua," mdogo wangu akasema.

"Nakupa kitu ambacho hakuna kati yetu anayekijua. Ndiyo kazi yenyewe."

Akafikiri. Nje ya dirisha magari yalikuwa yanapita, mengi, yasiyokwisha, na chumbani ilikuwa kama tumo ndani ya chungu. "Basi tuko sawa," akasema. "Nimekubali."

Muuguzi alifungua kichupa, akavuta mafuta, akanikabidhi ili nijifunze kudondosha, kwa sababu nyumbani nitakayemdondoshea ni mimi. Mkono wangu haukuniuliza. Nilitia bismillahi, nikaangusha tone kwenye ulimi wangu, nikafinya jicho.

"Dada!" Muuguzi aliruka. "Umefanya nini?"

"Nimeonja."

"Umeonja kwa nini? Kwani wewe ndiye mgonjwa?"

"Asipoonja sinywi," mdogo wangu akasema kutoka kitandani, kwa utulivu kabisa, kama anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani.

Muuguzi alikaa, akanitazama mimi, akamtazama yeye na ndevu zake. Kisha akatoka kupiga simu kwa wakubwa wake. Aliporudi alikuwa na kichupa kingine. Kile cha kwanza kimetengwa. Akasema tone lile halitatutoa kwenye utafiti, ila la pili litatutoa. Dawa ya majaribio haionjwi, haigawiwi, haimwagwi. Tumeelewa? Tumeelewa. Akadondosha yeye mwenyewe, na mdogo wangu akafumba midomo. Haukuwa ukaidi. Baadaye aliniambia kwamba koo lilijifunga lenyewe, kama mlango wa nyumba ya watu waliolala.

Nikaingiza mkono kwenye kapu langu. Nilikuwa nimebeba chupa ndogo ya mafuta yangu, ya kumchulia miguu iliyokuwa inavimba.

"Na nikionja haya?"

"Hayo ni nini?"

"Ya nazi. Nimeyapika mwenyewe."

Muuguzi akainusa chupa, akafikiri, akapiga simu tena. Safari hii nilimsikia akicheka nje. "Hayo ni yako," alisema aliporudi. "Yaonje mpaka chupa iishe."

Basi nikaonja yangu, naye akapokea yake chini ya ulimi.

"Ikoje?" akaniuliza, mafuta yakiwa bado mdomoni.

"Kali," nikasema, "lakini haina ubaya." Ingawa mafuta ya nazi hayana ukali wowote hapa duniani.

Pumzi zilipokaa sawa na walipohakikisha hataambukiza mtu, tuliruhusiwa kurudi nyumbani. Muuguzi angekuwa anatupigia simu kumwuliza hali, na angekuja Kilindoni kila inapofika zamu ya kumpima moyo. Kwenye boti nilikipakata kichupa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu akaniuliza ana miezi mingapi, kabla hajaona vizuri.

Ikawa ndiyo maisha yetu. Alfajiri baada ya swala, na alasiri baada ya swala, tuliketi kwenye mkeka uani, tumetazamana. Mimi tone langu, yeye matone yake. Tulifumba midomo tukangoja yaingie, hatusemi, na kwa kuwa hatukuweza kusema tulisikia kila kitu: jogoo wa jirani, makuti, mtu anayekwatua kwa jembe shambani, na bahari upande wa Ras Mkumbi, ambayo nilikuwa nimesahau kwamba inasikika kutoka kwetu.

Muuguzi alisema dawa inaweza kuleta usingizi. Ikaleta. Ilimletea yeye, na jambo la ajabu, ikaniletea na mimi. Tangu mama alipofariki nilikuwa nalala kwa sikio moja. Sasa nilikuwa nikimaliza tone langu naegemea nguzo ya jiko, na usingizi unanijia mchana mweupe, mzito, wa utamu. Nilijiambia ni lile tone la hospitali. Limeingia mwilini mwangu na halijatoka.

Nikawa naota. Niliota bahari imejiondoa, imekwenda zake mbali, na chini yake ardhi ni kavu na laini mpaka bara, mama anatembea juu yake akiokota nazi zilizozama zamani. Niliota potwe, yule papa mkubwa wa madoa meupe asiyemdhuru mtu, akipita taratibu kati ya minazi yetu usawa wa makuti, tumbo lake likipunguza jua uani, na kuku hawashtuki. Niliota nipo darasani, mwalimu anaita majina, la kwangu linafika, naitika, na hakuna anayegeuka kushangaa.

Nikiamka, kivuli cha nyumba kimehamia upande mwingine wa ua, moto umezimika wenyewe chini ya sufuria, na mdogo wangu amelala kando yangu, kiganja juu ya kifua, kama mtu aliyemshika ndege na hataki kumwumiza. Nilikuwa namhesabia pumzi kabla ya kumwamsha. Hilo sikuliacha hata usingizi uliponoga. Kisha tunaulizana tumeota nini. Yeye siku zote alikuwa anakwea. Mnazi hauna kilele, alisema, na hachoki.

"Hii ndiyo yenyewe," alikuwa akisema, akijinyoosha. "Mafuta matupu hayaoteshi watu hivi."

Nami niliamini.

Shangazi akajua, sijui kwa nani. Huyu ni dada yake baba, ndiye aliyetusimamia tulipokuwa wadogo, na hajawahi kubisha hodi tangu azaliwe. Aliingia uani mtandio umekwenda upande.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, na shikamoo zenu mbaki nazo! Nasikia mnakaa humu ndani mnakula bangi."

"Hatuli, shangazi," mdogo wangu akasema. "Tunadondosha."

"Nyamaza we! Moyo mbovu, na bangi juu yake! Kaka yangu akifufuka leo atakufa tena papo hapo mlangoni."

Nikamkalisha, nikamweleza yote kama muuguzi alivyotueleza. Alisikiliza huku akitikisa kichwa. Akaondoka moja kwa moja kwenda kumwuliza sheikh wa msikiti. Alasiri alirudi, sasa anatembea polepole, mtandio umekaa sawa.

"Amesema maadamu hakilevyi, na wanaotoa ni madaktari, na anayepewa ni mgonjwa, hakina neno." Akakaa mkekani, akanyoosha mguu, akaanza kujisugua goti. "Sasa tone hilo, kwa goti je?"

"Haigawiwi, shangazi."

"Tone moja."

"Hata moja."

"Mchoyo! Mgongo huu umekubeba."

"Umenibeba, na sikupi."

Mdogo wangu alikuwa ameshika mbavu. Shangazi akanitazama nikionja yangu. "Na hicho unachoramba wewe?"

"Ni nazi, shangazi. Mafuta haya haya unayojipaka kichwani."

"Haya. Nipe hiyo nazi," akasema, akinikonyeza kwa namna ya mtu tuliyekwisha kuelewana naye. Nikamdondoshea. Akajilaza, ati anyooshe mgongo kidogo, akakoroma mpaka paka akahama. Alipoamka jua lilikuwa linakwenda kuzama. Alikaa muda akiangalia viganja vyake.

"Nimemwona mama yenu," alisema kwa sauti ndogo ambayo si yake. "Alikuwa anacheka." Kisha akajikusanya, akafunga kanga. "Nazi! Nazi gani inayolaza watu namna hii?"

Mpaka leo haniamini.

Imani ileile, kwamba tumepata dawa yenyewe, ndiyo iliyompandisha mdogo wangu mnazini. Asubuhi moja niliamka pale nguzoni, si kwa sauti bali kwa kukosa sauti. Mkeka ulikuwa mtupu. Panga halikuwa ukutani. Nikazunguka nyumba, na juu yangu, kwenye mnazi mkongwe ulio nyuma ya jiko, nikaona nyayo zake. Alikuwa amepita nusu. Amelikumbatia shina, shavu limeegemea, macho yamefumbwa.

"Dada," alisema, bila kupaza sauti. "Nilidhani nimepona."

"Unasikia nini?"

"Unakimbia. Macho yanaona giza, yanaona mwanga."

Maneno ya daktari yakanirudia kama yalivyo, na yale macho juu ya barakoa. Nilitaka kupiga kelele, majirani waje. Lakini mtu aliye juu ya mnazi humpigii kelele. Nikaikaza kanga yangu, nikaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, zile alama zinazochongwa kwenye shina ili mkwezi akanyage. Sijawahi kukwea. Wanawake kwetu hawakwei. Shina lilikuwa na joto, linanukia vumbi na chumvi. Nikapanda cha pili, cha tatu, mpaka kichwa changu kikafika chini kidogo ya nyayo zake.

"Kidato kilicho chini yako kizima," nikamwambia. "Nimekishika. Leta mguu."

Mguu ukashuka, nikauongoza kwa mkono mpaka ukakaa.

"Pumzika. Vuta pumzi. Sasa nateremka mimi kwanza, nikanyage kinachofuata. Nikikwambia, nawe unashuka."

"Unanionjea vidato," alisema kule juu, na ndani ya pumzi ile fupi nikasikia anacheka.

"Usicheke. Leta mguu."

Tulishuka hivyo. Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka jua lilikuwa linapita kwenye makuti na kuhama juu ya migongo ya mikono yetu, na kulikuwa na utulivu, kama vile mnazi mwenyewe umesimama kwa hadhari. Chini akajilaza, kichwa mapajani mwangu. Niliuona moyo wake ukipiga kwenye shingo, chini ya ngozi. Nikauangalia mpaka ukapunguza mwendo.

"Mafuta haya," alisema mwishoni, "hata kama ndiyo yenyewe, mlango hayakuuziba."

Nilimpigia muuguzi. Alisema tusingoje, akawaarifu wa Kilindoni, na mchana ule ule tukashuka na gari la jirani, mdogo wangu amelazwa nyuma juu ya godoro, tukipita Kirongwe na mikorosho yake, barabara inatutupa huku na huku. Walimfunga waya kifuani, wakampitishia kile kifaa cha picha, wakatuma kila kitu Dar es Salaam. Majibu yalikuwa mawili. Nyama ya moyo haikuvimba. Kirusi kilikuwa kimempitia mbali. Lakini mlango ulikuwa umezidi kuchoka, na usipobadilishwa, moyo hautakaa naye sana. Wangemweka kwenye zamu ya operesheni.

Tuliendelea na matone mpaka kichupa cha mwisho. Tulikuwa tumeahidi.

Utafiti ulipofungwa, muuguzi alikuja Kilindoni kwa mara ya mwisho. Tuliketi naye kwenye baraza ya hospitali. Aliulizia goti la shangazi, maana alikwisha kupata habari zake, akaulizia minazi. Kisha akasema sasa ameruhusiwa kutuambia.

"Ulikuwa kwenye kundi la mafuta matupu."

Mdogo wangu akamgeukia. "Matupu ya nini?" akauliza.

"Ya nazi. Yamechujwa sana, yakatiwa mnanaa."

Aliniangalia, akamwangalia muuguzi, akaniangalia tena. Kicheko kilimpanda kutoka mbali, akawa anakishika kifua na kiganja ili asicheke kwa nguvu. "Dada! Kumbe tulikuwa tunanyweshana nazi! Kila siku tumetazamana kama wazee wa bao, wewe nazi, mimi nazi!"

Nami nilicheka. Lakini ndani nilikuwa natafuta. "Na ule usingizi?" nikamwuliza muuguzi. "Zile ndoto?"

"Sijui, dada," alisema. Alinitazama kwa ile sauti yake ya taratibu, kama mtu anaweza kutazama kwa sauti. "Labda ulikuwa umechoka."

Kunguru alikuwa anatembea kwenye ukuta wa hospitali. Nilimwangalia mpaka alipofika mwisho wa ukuta. Tangu nilipokuwa darasa la sita hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo, na mimi sikuwahi kujiambia.

Mdogo wangu alitaka kujua kama dawa yenyewe, waliyopata wengine, imefaa. Muuguzi alisema bado wanalinganisha, na hata yeye anangoja. "Lakini bila ninyi wa mafuta matupu," alisema, "hao wengine tungewalinganisha na nani?"

"Kwa hiyo nimewaonjea watu," mdogo wangu akasema, akakaa vizuri kwenye benchi.

Zamu ya operesheni ilipofika aliacha mzaha. Jioni moja uani, tukiwa tunafunga mzigo, aliniuliza bila kunitazama, "Na hii, utaionja vipi?"

Nikafunga fundo la mzigo, nikalifungua, nikalifunga tena. Swali lile lilinifuata kwenye boti, likaingia nami wodini, walipomnyoa kifua na kumvika nguo ile inayofungwa kwa nyuma. Asubuhi yenyewe alikatazwa kutia kitu chochote mdomoni. Chupa yangu ya mafuta ilikuwa kwenye kapu, na mkono wangu ukawa unakwenda kapuni na kurudi, unakwenda na kurudi, mpaka akaushika kifundo.

"Dada," akasema. "Leo natangulia mimi."

Wakamsukuma. Magurudumu ya kitanda yalikuwa hayana kelele. Nilimwona mpaka kwenye mlango wa pili, kisha mlango ukajifunga.

Nilikaa kwenye benchi la korido. Sikuonja kitu, sikudondosha kitu, na usingizi ulinijia vile vile, nikiwa wima, kapu mapajani. Niliota ule mnazi wake usio na kilele. Yeye yuko juu sana, mimi nimesimama kwenye kidato cha kwanza, nimeshika shina, wala simwiti. Nasikiliza tu. Mtu akanigusa bega. Alikuwa yule muuguzi wa utafiti, amekuja kwa wakati wake mwenyewe, hana barakoa, na ilinichukua muda kumtambua kwa mdomo.

"Ametoka," alisema. "Moyo unapiga."

Kesho yake wakaniruhusu kuingia. Mpira wa kooni walikuwa wameutoa asubuhi ile. Alikuwa mwembamba chini ya shuka, na chumba kilikuwa kimya kiasi cha kuusikia mlango mpya ndani yake, kitu kidogo cha chuma, kikigonga kama saa ya mkononi iliyofunikwa na mto. Nikavuta kiti. Akafungua macho, akanitazama kwa muda mrefu, kama siku ile ya magoti.

Akafinya jicho moja. Akakunja pua.

"Kali," alisema, sauti yake kama nazi inakunwa.

Nikangoja.

"Lakini haina ubaya."

Muuguzi wa zamu akaniletea kikombe cha maji na pamba, akasema naweza kumlowanisha midomo, kidogo kidogo. Nilichovya pamba, nikaigusisha kwanza kwenye ulimi wangu. Muuguzi akafungua mdomo aniambie kitu, akamwona mgonjwa alivyokuwa amekwisha kufungua wake, akaacha. Nikachukua pamba nyingine, nikachovya tena.